Kabla ya Kutoa Senti: Ushauri kwa Wanaoanza Kununua Ploti

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya akiba)



Tumeombwa tuzungumze juu ya kununua ploti na kujenga vyumba vya kupangisha. Ni jambo jema. Mwenye vyumba vichache vya kodi hupata karo hata mwaka ambao mvua imekataa. Lakini wengi wanaokuja kutuona huja wakiwa wamekwisha kulipa. Pesa ya kikundi imekwenda, risiti wanayo, ploti hawana. Kwa hivyo leo tutakaa sana juu ya yale yanayofanywa kabla ya kutoa pesa.

Kwanza, jua unanunua kwa nani. Chukua nambari ya ploti ufanye sachi mwenyewe katika ofisi ya usajili wa ardhi. Usikubali karatasi ya sachi iliyoletwa na broka. Sachi itakuonyesha jina la mwenye ardhi, ukubwa wake, na kama ina mkopo au kizuizi. Linganisha jina hilo na kitambulisho cha anayekuuzia. Rekodi za Nairobi zilianza kuingizwa katika mtambo wa Ardhisasa mwezi wa Aprili 2021, na huko sachi hufanywa kwa kompyuta.

Ukikuta jina ni la marehemu, simama hapo. Watoto wake hawawezi kukuuzia kabla mahakama haijathibitisha mirathi, hata kama chifu na ukoo mzima wamekubali. Barua ya chifu si hati. Na cheti cha hisa cha kampuni ya kununua mashamba, hicho nacho si hati miliki.

Pili, ikanyage ardhi yenyewe. Nenda na mpima ardhi mwenye leseni akuonyeshe bikoni. Kisha waulize majirani: Nani amekuwa akilima hapa? Kuna kesi? Hapa palikuwa pa shule, ama pa barabara? Swali hili la mwisho ni zito. Katika kesi ya Dina Management na Kaunti ya Mombasa, Mahakama ya Upeo iliamua Aprili 2023 kwamba hati peke yake haimkingi mnunuzi ikiwa ardhi ilitolewa kinyume cha sheria hapo mwanzo. Aliyenunua baadaye alipoteza.

Tatu, mambo yawe kwa maandishi, yakiwa na sahihi za pande zote mbili na mashahidi. Tafuta wakili wako, si yule wa muuzaji. Ikiwa ni shamba la kilimo, ni lazima kupata kibali cha bodi ya ardhi, na ombi lipelekwe kabla miezi 6 haijapita tangu makubaliano. Bila kibali, mauzo ni bure. Muuzaji akiwa na mke au mume, huyo naye aandike kwamba amekubali. Malipo yapitie benki, jamani, si mkononi.

Nne, piga hesabu. Juu ya bei ya ploti kuna wakili, mpima ardhi na ushuru wa stempu, asilimia 4 mjini na 2 mashambani. Tuseme ploti na vyumba 10 vimekugharimu Sh 2,400,000, na kila chumba ni Sh 3,000 kwa mwezi. Vikijaa vyote, pesa yako inarudi kwa miezi 80. Viwili vikikaa vitupu, unapata Sh 24,000, nayo inakuwa miezi 100, yaani zaidi ya miaka 8. Na bado hujatengeneza bomba wala kupaka rangi. Kama mkopo unadai Sh 28,000 kila mwezi, vyumba havitaulipa. Afadhali uanze na vinne.

Kwa vikundi tunaongeza neno moja. Ploti ya wote isiandikwe jina la mwenyekiti peke yake. Siku akifariki, itahesabiwa kuwa mali yake, nanyi mtaanza kubishana na wajane na mayatima. Mwulizeni wakili jinsi ya kuiandika kabla ya kununua.

Na muuzaji akikuharakisha, akisema kuna mtu mwingine analeta pesa kesho asubuhi, mwambie ampe huyo mwingine. Ploti nyingine itapatikana. Akiba ya miaka 10 ikipotea, ni vigumu kuirudisha.

Sasa tungependa kusikia maswali.