Kumjua Mkazi: Usalama na Ustawi katika Makao ya Watu Wazima Wenye Ulemavu wa Akili Nchini Uingereza



Tumetoka Mombasa, Moshi, Bukavu na Bujumbura, lakini kazi yetu hapa Uingereza ni moja: tunawahudumia watu wazima wenye ulemavu wa akili katika makao wanamoishi. Mafunzo tumepewa, vyeti tunavyo, na mafaili yamejaa kabatini. Hoja yangu ni kwamba mkazi hulindwa kwanza na mtu anayemjua. Karatasi zote tunazojaza zina thamani pale tu zinapobeba ujuzi huo kutoka zamu moja kwenda nyingine. Zisipoubeba, zinamlinda mwajiri siku ya ukaguzi, basi.

Nianze na vifo, kwa sababu haviji kwa njia tunayoiogopa. Mwaka 2013 Chuo Kikuu cha Bristol kilitoa matokeo ya uchunguzi wa vifo 247 vya watu wenye ulemavu wa akili kusini-magharibi mwa England. Wanaume walikuwa wamekufa wakiwa na umri mdogo kwa miaka 13 kuliko wanaume wengine, na wanawake kwa miaka 20. Wauaji wakubwa hawakuwa ajali za kutisha. Walikuwa ni magonjwa yaliyochelewa kugunduliwa, tiba iliyochelewa kuanza, na maumivu ambayo mtu aliyaonyesha kwa namna yake na wenzake wakasema, “Huyo ndivyo alivyo.”

Chukueni habari ya choo. Kwa malezi yetu si jambo la kuzungumza mbele za watu, na wengi wetu tungependa lipite kimya kimya. Richard Handley alikuwa na miaka 33 alipofariki hospitalini Ipswich, Novemba 2012, kwa madhara ya kufunga choo. Tatizo hilo alikuwa nalo tangu utotoni na lilijulikana. Makao aliyoishi yalibadilishwa mfumo, ikawa wakazi wanaishi kwa kujitegemea wakisaidiwa, na katika mabadiliko hayo ufuatiliaji wa lishe na choo chake ukalegea. Kujitegemea ni jambo jema, lakini hakukuwa na sababu ya huo uhuru kuja na mtu kuacha kuangaliwa tumbo lake. Chati ya Bristol yenye aina 7 za kinyesi imebandikwa kwenye vyoo vingi tunakofanyia kazi. Wanaoijaza kwa kukisia mwisho wa zamu nao ni wengi. Kama mkazi anakwenda chooni peke yake na hasemi, muulize, msikilize, tazama kama tumbo limevimba, kama amekataa chakula anachokipenda, kama ameanza kujipiga. Andika ulichokiona. Usipoona, andika kwamba hukuona.

Sasa twende mezani, ambako nataka tukae kidogo.

Tangu 2019 Uingereza inatumia mfumo wa kimataifa wa viwango vya chakula na vinywaji, kuanzia 0 hadi 7, kwa watu wenye shida ya kumeza. Wengi wameukariri bila kuushika, na kumbe kipimo tunakula nacho kila siku. Nafasi kati ya meno ya uma wa kawaida ni kama milimita 4, na vipande vya chakula cha kiwango cha 5 kwa mtu mzima havitakiwi kuizidi. Bonyeza kwa uma: kinapaswa kupenya kati ya meno bila kushindana nawe. Kwa kiwango cha 6, kipande kisizidi sentimita 1.5, ambazo ni takriban upana wa uma wenyewe. Kandamiza kwa uma hadi ukucha wa gumba lako uwe mweupe. Chakula kibonyee na kisirudi katika umbo lake. Kikirudi, bado ni kigumu, na mtu wako anaweza kupaliwa. Mkate wa kawaida haumo katika kiwango cha 5 wala cha 6, hata ukiukata vidogo namna gani, mpaka mtaalamu wa kumeza awe amemruhusu mtu huyo kwa jina.

Hayo yapo kwenye faili. Jambo ambalo mara nyingi halipo ni kwamba huyu hula kwa pupa kukiwa na wageni, yule huficha chakula shavuni na kuondoka nacho mezani, na yule mwingine hungoja ugeuke upande wa friji ndipo anyakue tosti ya jirani. Ni mambo anayoyajua mhudumu wa miaka mingi, na mhudumu wa wakala aliyeletwa leo asubuhi hayajui. Makabidhiano ya zamu yanayosema “amekula vizuri” hayajamwambia kitu. Na ukarimu wetu nao una sehemu yake: chapati uliyoibeba kutoka nyumbani ukamkatia mkazi kipande kwa upendo inaweza kuziba koo lake kabla hujamaliza kutabasamu. Vivyo hivyo unga wa kuongezea vinywaji uzito. Februari 2015 huduma ya afya ya taifa, NHS, ilitoa tahadhari kwa nchi nzima baada ya mkazi wa makao kumeza unga wenyewe na kufa. Kopo likae palipofungwa, si kando ya birika kwa sababu ndipo panapotufaa sisi.

Bafuni kuna hatari mbili, na moja inajulikana sana. Maji kwenye tangi huhifadhiwa kwa nyuzi 60 ili kuua bakteria, kwa hiyo kwenye bomba la kuogea huwekwa vali ya kuchanganya ili yasizidi nyuzi 44. Vali huharibika. Pima kwa kipimajoto kila mara, andika, ndipo mtu aingie. Kiganja cha mtu aliyezoea kuepua sufuria jikoni si kipimo.

Hatari ya pili ni kifafa. Connor Sparrowhawk alikuwa na miaka 18 alipozama akiwa anaoga katika kitengo cha NHS cha Slade House, Oxford, tarehe 4 Julai 2013. Alikuwa na kifafa. Mama yake alikuwa amewaeleza wahudumu wasiwasi wake baada ya kumwona ameng'ata ulimi, kwa kuwa aliielewa alama hiyo. Kijana aliachwa aoge peke yake, akichunguliwa kila baada ya dakika 15. Oktoba 2015 baraza la wazee wa mahakama ya uchunguzi wa vifo liliamua kwamba uzembe ulichangia kifo chake. Machi 2018 taasisi iliyoendesha kitengo hicho ilitozwa faini ya pauni milioni 2 kwa kifo chake na cha mgonjwa mwingine.

Hizo dakika 15 ndizo zinazonisumbua. Zilikuwa utaratibu, zilikuwa na mahali pa kutiwa saini, na hazikuwa na maana yoyote, kwa sababu mtu aliyeshikwa na kifafa ndani ya maji hana dakika 15. Mtu aliyekuwa na ujuzi wenyewe alikuwa mama, na hapakuwa na njia ya ujuzi wake kufika mlangoni mwa bafu. Kwenye makao yetu, mzazi anayepiga simu kila jioni huitwa msumbufu. Mimi ningemwandikia ukurasa wake mwenyewe katika mpango wa huduma.

Simaanishi tuwanyang'anye watu kuoga. Mtu mwenye kifafa anaweza kutumia bafu la mvua badala ya kujaza maji, akaketi kwenye kiti, mlango ukawa unafunguka kwa nje na bila komeo, na mhudumu akasimama upande wa pili wakizungumza, au mkazi akiimba kama ni mtu wa kuimba. Sauti ikikatika, unaingia. Faragha yake imebaki na uhai wake umebaki. Hilo linahitaji mhudumu mmoja asiyetakiwa kuwa jikoni wakati huohuo, na hapo ndipo tunapogundua kwamba mengi tunayoyaita masuala ya usalama ni masuala ya idadi ya watu kwenye zamu.

Kuna makao yanasifiwa kwa utulivu. Mimi nikiingia kwenye nyumba tulivu saa nne asubuhi, watu wazima wanane wamekaa mbele ya televisheni na hakuna anayeomba kitu, huuliza kwanza chati za dawa. Mwaka 2015 shirika la afya ya umma la England lilikadiria kwamba kila siku watu wazima kati ya 30,000 na 35,000 wenye ulemavu wa akili walikuwa wakipewa dawa za magonjwa ya akili bila kuwa na ugonjwa unaotibiwa na dawa hizo. Kampeni ya kuzipunguza, inayoitwa STOMP, ilianza 2016. Mhudumu haruhusiwi kubadilisha dozi, na asithubutu. Anachoweza ni kuandika tabia kwa maelezo yenye msaada: ilianza lini, kabla yake kulitokea nini, nani alikuwepo, alishika wapi mwilini. Ukiandika “alikuwa mkorofi”, daktari ataongeza dawa. Ukiandika kwamba anapiga shavu la kushoto kila akimaliza kula, huenda akapelekwa kwa daktari wa meno.

Kuna jambo la adabu ambalo sisi tunapaswa kuliona haraka kuliko wenyeji, na wakati mwingine hatulioni. Mwanamume wa miaka 58, mwenye mvi, anaambiwa “mtoto mzuri” kwa kumaliza uji wake. Nyumbani kwetu mtu wa umri huo anapewa shikamoo, hata kama hawezi kuijibu. Tumewaiga wenzetu katika hili pasipo sababu. Upande wa pili, malezi yetu ya kumtumikia mkubwa yanatufanya tumfanyie kila kitu: tunamvalisha, tunamlisha, tunamtengenezea chai. Mkazi anayechukua dakika 20 kujitengenezea chai, akiinamisha birika lililofungwa kwenye fremu yake ili asiungue, amefanya kazi ya asubuhi nzima na anajua hivyo. Ukimpokonya kijiko kwa sababu una haraka, baada ya mwaka atakuwa hawezi tena, na faili litaandika kwamba hali yake imeshuka. Na tuambiane pia: kumwekea mkazi mikono kichwani na kumwombea apone bila yeye kutaka ni kosa, hata nia ikiwa njema kiasi gani.

Sheria ya Uwezo wa Akili ya 2005 inatutaka tuanze kwa kudhani kwamba mtu anaweza kuamua, na inasema wazi kwamba uamuzi usio wa busara si ushahidi wa kukosa uwezo. Na Machi 2014 Mahakama ya Juu, katika kesi ya Cheshire West, iliamua kwamba mtu aliye chini ya uangalizi na udhibiti wa muda wote, asiye huru kuondoka, amenyimwa uhuru wake hata kama anaonekana kuridhika, na kwa hiyo lazima kuwe na kibali cha kisheria. Basi ukibonyeza namba za kufuli la mlango wa mbele, ujue ni nani kati ya wakazi wako mwenye kibali hicho na kinaisha lini.

Nimeliacha mwisho lile gumu zaidi: la kusema tunapoona maovu.

Winterbourne View ilikuwa hospitali binafsi ya vitanda 24 karibu na Bristol, na kila mgonjwa aligharimu wastani wa pauni 3,500 kwa wiki. Muuguzi mwandamizi, Terry Bryan, aliona wagonjwa wakiteswa. Mwaka 2010 alimwandikia meneja wake, akawaandikia na CQC, tume inayokagua ubora wa huduma, na hakuna kilichofanyika. Ndipo akaenda BBC. Mwandishi akaajiriwa pale kama mhudumu akiwa na kamera ya siri, na kipindi kikarushwa Mei 2011. Watumishi 11 walihukumiwa Oktoba 2012, sita kati yao wakafungwa. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba dalili zilikuwa zimefika polisi, hospitali na halmashauri muda mrefu, kila moja ikishughulikiwa peke yake kama kitu kidogo. Serikali ikaahidi kwamba kufikia Juni 2014 kila aliyekaa isivyostahili katika hospitali za namna hiyo atakuwa amehamishiwa kwenye jamii. Tarehe ikapita bila ahadi kutimia. Mwaka 2019 kamera ya siri ya kipindi hichohicho ikaingia Whorlton Hall, kaunti ya Durham, ikakuta mambo ya aina ileile.

Kufanya kama Bryan ni kugumu zaidi kwetu. Wengi wetu tulikuja kwa viza iliyofunguliwa kwa wahudumu Februari 2022 na kufungwa kwa waombaji wapya wa nje Julai 2025, na viza hiyo imefungwa kwa mwajiri mmoja. Mwajiri huyo akipoteza leseni ya udhamini, kwa kawaida mfanyakazi hupewa siku 60 kutafuta mdhamini mwingine au kuondoka. Sheria ya 1998 inamlinda mfanyakazi anayefichua maovu kwa manufaa ya umma, lakini mwenye ada ya shule ya watoto wawili Kisumu hulala akizihesabu zile siku 60, si vifungu vya sheria. Kwa maoni yangu viza ya namna hii ni hatari kwa wakazi sawasawa na vali mbovu bafuni, na chama chochote kinachotutetea kingepaswa kuidaia mageuzi kwa hoja hiyo, kuliko kwa hoja ya mishahara peke yake.

Mpaka hapo, zipo njia. Anza na meneja, kwa maandishi yenye tarehe, ukibaki na nakala isiyo na majina ya wakazi. Meneja akiwa ndiye tatizo, nenda kwa aliye juu yake. Hujaridhika, au mtu yuko hatarini sasa hivi, piga simu kwenye dawati la ulinzi wa watu wazima la halmashauri, au polisi. CQC hupokea taarifa hata kwa asiyetaja jina, ingawa kutojitaja kunapunguza wanachoweza kufuatilia. Kabla hatujaenda kwenye chakula cha mchana, naomba kila meza itafute namba ya dawati hilo kwa halmashauri ya kila mmoja aliyeketi hapo na kuihifadhi kwenye simu. Walio na zamu leo usiku waanze.