Jirani Aliyemzaa

Filamu ya Marekani ya mwaka 2017, The Only Living Boy in New York, iliyoongozwa na Marc Webb, inamfuata Thomas, kijana aliyemaliza chuo asijue ashike lipi. Anagundua kuwa baba yake ana hawara, kisha naye anaingia penzini na mwanamke huyohuyo. Sehemu hiyo haikunigusa. Kilichoniuma ni jirani, mwandishi mzee anayeigizwa na Jeff Bridges, anayemsikiliza kijana bila kumharakisha. Kumbe ndiye aliyemzaa! Wazazi walijua miaka yote, wakanyamaza. Watazamaji wengine watamwona Thomas mzembe. Mimi namtetea: angejipata vipi, ilhali hakuambiwa hata damu yake ni ya nani?