Kupima Urefu wa Milima ya Kale



Mkazi wa Kawangware atazamapo upande wa kusini-magharibi asubuhi isiyo na ukungu, huiona Milima ya Ngong, ambayo kilele chake kirefu kupita vyote, Lamwia, kimefika meta 2,460 juu ya usawa wa bahari. Wengi hudhani kwamba milima hiyo imekuwa hivyo tangu mwanzo. Sivyo. Ngong ni kipande tu cha volkano kubwa ya zamani. Upande wake wa magharibi ulikatwa na nyufa za Bonde la Ufa, ukadidimia.

Je, mtu awezaje kupima kitu kisichokuwapo? Fundi akikuta nyumba iliyobakiwa na upande mmoja wa paa, hufuata mwinamo wa mabati yaliyosalia, akajua mgongo wa paa ulifika wapi. Wataalamu wa miamba hufanya vivyo hivyo kwa matabaka ya lava. Hupima jinsi yanavyoinama, kisha huuendeleza mwinamo huo hewani. Bila shaka jibu ni la kukisia, maana hakuna ajuaye kinywa cha volkano kilikuwa kipana kiasi gani.

Mlima Kenya umeacha ushahidi ulio wazi zaidi. Batian, yenye meta 5,199, si ncha ya kale hata kidogo. Ni mwamba ulioganda ndani ya koo la volkano. Kwa kuwa koo huwa chini ya kinywa, hapana budi mlima ule ulikuwa mrefu zaidi, na wengi hukisia kwamba ulipita meta 6,000 kabla ya mvua na barafu kuumomonyoa.

Lakini swali lililo gumu ni jingine: nchi yenyewe iliinuka lini? Hapo shahidi ni nyangumi. Mwaka 1964, huko Loperot katika Turkana, mtafiti James Mead alichimbua mabaki ya nyangumi aliyekufa yapata miaka milioni 17 iliyopita. Mahali hapo ni kilometa 740 kutoka baharini, na leo pana kimo cha meta 620. Nyangumi hapandi maporomoko ya maji. Basi aliingia kwa mto mtulivu uliopita katika nchi tambarare, na wataalamu walioandika habari zake mwaka 2015 walikadiria kwamba pale alipofia palikuwa meta 24 hadi 37 tu juu ya bahari.

Shahidi wa pili ni Yatta, ule mgongo mrefu utokao upande wa Ol Doinyo Sabuk kuelekea Tsavo. Ni lava iliyotiririka bondeni miaka milioni 13.5 iliyopita, ikafika mbali kiasi cha kilometa 300. Lava nzito haiendi mbali hivyo bila mteremko. Kwa hesabu hiyo, chanzo chake kilikuwa kimekwisha kufika meta 1,400 au zaidi.

Kwa hiyo nchi iliinuka katikati ya nyakati hizo mbili. Ilipoinuka, unyevu wa Bahari ya Hindi ulizuiwa, misitu ikapungua na nyika zikaenea. Ndipo watafutao asili ya mwanadamu wanapoitaka sana tarehe hiyo. Nayo ilikaribia kukosekana, kwa sababu mabaki ya nyangumi yule yalipotea kwa miaka mingi, hata yakaonekana tena mwaka 2011 katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani.