Kusema kwa Puani Si Elimu

(Maneno tuliyoyasema mbele ya mkutano wa wanachama, Dar es Salaam)



Chuo Kikuu cha kwanza katika nchi hii kilianza mwaka 1961 ndani ya jengo la TANU. Kilianza nyumbani kwa wananchi. Leo mtoto wa mkulima kutoka Shinyanga akisimama darasani humo kutoa hoja, akatamka l mahali pa r, wenzake wanaangua kicheko. Aliyetoka Tarime naye akigeuza l kuwa r, hali ni hiyo hiyo. Hoja haikusikika, kilichosikika ni kabila. Na mwalimu, badala ya kukemea, hutabasamu! Kijana yule hasimami tena mpaka mwaka uishe, kisha huandikiwa kwamba hashiriki katika semina.

Wako wanaotuambia: ati lafudhi nzito haieleweki. Haya. Mwaka 1992 huko Marekani, mtaalamu Donald Rubin aliwapa wanafunzi wa chuo kikuu somo lililonaswa kwa sauti ya Mmarekani mmoja, mzaliwa wa lugha ile. Wengine walionyeshwa picha ya Mzungu, wengine picha ya mtu wa Asia, wakaambiwa ndiye msemaji. Sauti ni ile ile. Lakini walioona uso wa Asia walisikia lafudhi ya kigeni isiyokuwapo, na walipopimwa walikuwa wameshika machache zaidi. Basi ulimi ulikosa nini hapo?

Hapa kwetu mzigo ni mara mbili. Tangu 1967 mtoto husomeshwa shule ya msingi kwa Kiswahili, kisha sekondari anageuziwa lugha. Tume ya Rais ya mwaka 1982 ilishauri Kiswahili kiendelee sekondari. Ushauri ule haukutekelezwa. Na hali somo la Kiswahili pale Chuo Kikuu lafundishwa kwa Kiswahili tangu 1970, na limetoa madaktari wa falsafa!

Hatusemi Kiingereza kitupwe baharini. Twasema maksi za semina zipimwe kwa hoja, na anayekwama aruhusiwe kumalizia kwa Kiswahili, mwenzake amtafsirie.

Nanyi vijana mlio vyuoni, msingoje waraka. Anzeni wiki hii: anayecheka lafudhi ya mwenzake aombwe kwanza airudie, neno kwa neno, ile hoja aliyoicheka.