Kuandikisha Chama cha Kusaidiana

(Maneno haya yalisemwa mbele ya viongozi wa vyama vya kusaidiana. Twayachapa hapa kwa ajili ya wasomaji waliokuwa mbali.)



Nimeombwa niseme juu ya sheria za kuandikisha vyama hapa Kenya. Lakini kabla ya kufika kwenye sheria, nitasema kwanza habari ya kiwanja.

Kazi yangu ni kufasiri maandiko ya Serikali. Siku moja niliitwa kusaidia chama kimoja cha mazishi, ambacho sitakitaja jina wala mahali pake. Watu wake walikuwa zaidi ya thelathini. Kwa miaka mingi walichanga fedha kidogo kidogo, na zilipokuwa nyingi wakanunua kiwanja karibu na soko, wapate kujenga vyumba vya kupangisha. Siku ya kununua, muuzaji aliuliza, "Niandike jina la nani?" Wakatazamana. Chama hakikuwa na hati, wala hakikuandikwa mahali popote. Wakajibu, "Andika jina la mwenyekiti." Mwenyekiti alikuwa mtu mwaminifu kweli kweli. Miaka ikapita, mzee akafariki, nao wakamzika kwa heshima kwa fedha za chama, kama ilivyokuwa desturi yao. Kisha wanawe wakapata hati ya mirathi, na kile kiwanja kikawa kimo katika orodha ya mali ya baba yao.

Mimi niliitwa kuyasoma maandiko, maana yote yalikuwa ya Kiingereza. Niliyasoma tangu mwanzo hata mwisho, nikayafasiri polepole. Bibi mmoja mzee akaniambia, "Mwanangu, soma tena, labda umeruka mahali." Nikasoma tena. Jina la chama halikuwamo. Wana wale hawakuwa wezi. Walikuwa na hati, na hati ilisema kiwanja ni cha baba yao. Mwishowe walikubali kurudisha fedha zilizolipwa siku ile ya kununua, lakini kwa bei ya sasa fedha zile zisingepata hata robo ya kiwanja.

Kwa nini watu wale hawakuandikisha chama chao? Niliwauliza. Vijana walisema hawakujua njia. Wazee walisema neno lingine: waliogopa kuandikwa majina.

Hofu hiyo siicheki, maana ina asili yake. Mwaka 1940 serikali ya kikoloni ilikipiga marufuku chama cha Kikuyu Central Association. Mwaka 1952 ikatunga Sheria ya Vyama, ikitaka kila chama kijulikane kwa Msajili. Mwaka huo huo, tarehe 20 Oktoba, ikatangazwa hali ya hatari, na Juni 1953 Kenya African Union nayo ikapigwa marufuku. Mtu aliyekuwa na jina lake katika daftari la wanachama siku zile alikuwa na sababu ya kukosa usingizi. Wala tusidhani kwamba mambo yalibadilika mara moja baada ya Uhuru. Sheria ya Vyama ya mwaka 1968 ilifuata nyayo za ile ya kwanza: chama cha watu kumi au zaidi, kisichoandikishwa wala kusamehewa kuandikishwa, huhesabiwa kuwa chama kisicho halali. Haifai kuwaficha jambo hilo.

Lakini tangu mwaka 2010 kuna ngao ambayo wazee wetu hawakuwa nayo. Katiba ya Kenya, Ibara ya 36, yampa kila mtu haki ya kuunda chama na kujiunga nacho. Tena yasema kwamba ofisi haiwezi kumnyima mtu uandikishaji, wala kuuondoa, pasipo sababu ya haki. Na kabla ya chama kufutwa, wenyewe lazima wasikilizwe. Kwa hiyo ukikataliwa, uliza sababu, na uiombe kwa maandishi. Sheria ya Vyama yenyewe yatoa ruhusa ya kukata rufani katika Mahakama Kuu.

Sasa, twende ofisi gani? Hapa lugha yetu yatupoteza kidogo. Sisi twasema "chama" kwa kila kitu: cha siasa, cha wafanyakazi, cha ushirika, cha mazishi, hata cha akina mama wanaopeana fedha kwa zamu. Sheria huvitenga. Vya siasa vina Msajili wao, vya wafanyakazi wao, na vya ushirika wao. Leo havinihusu.

Kwa kikundi cha kijijini au cha mtaani, kama vile cha kusaidiana, cha kufuga kuku au cha mazishi, mlango ulio karibu ni wa Afisa wa Maendeleo ya Jamii. Zamani afisa huyo alitoa hati bila kuwapo sheria maalum ya vikundi hivyo, lakini mwaka 2022 Bunge lilipitisha Sheria ya Uandikishaji wa Vikundi vya Jamii. Yataka watu kumi au zaidi, na kanuni zilizoandikwa. Hati yake ni ya miaka miwili, kisha hufanywa upya. Wengi husahau neno hili la mwisho, wakaitundika hati ukutani mpaka ikageuka rangi, wasijue kwamba imekwisha kufa.

Chama kikubwa zaidi, chenye wanachama wa mahali pengi, huenda kwa Msajili wa Vyama chini ya ile Sheria ya 1968. Maombi hupelekwa katika siku 28 tangu chama kuundwa. Na wale wanaotaka kufanya kazi ya manufaa kwa umma wote, pengine kwa msaada wa wafadhili, kwa muda mrefu walifuata sheria ya mwaka 1990. Sheria mpya ya Mashirika ya Manufaa kwa Umma ilipitishwa mwaka 2013, ikalala zaidi ya miaka kumi na mmoja, ikaanza kutumika tarehe 14 Mei 2024. Shirika lililoandikishwa chini yake huwa kama mtu mbele ya sheria: laweza kumiliki mali kwa jina lake, kushtaki na kushtakiwa.

Hili la mwisho lasikilizeni sana, maana ndilo lililowapata wale wa kiwanja, na laweza kumpata hata mwenye hati. Chama kilichoandikishwa kwa Msajili wa Vyama hakiwi mtu mbele ya sheria. Ni halali, lakini si mtu. Ardhi yake huandikwa kwa majina ya wadhamini, na lazima ionekane wazi kwamba wanaishika kwa niaba ya chama. Chagueni wadhamini watatu au zaidi, wasiwe wa nyumba moja. Andikeni katika kanuni jinsi mwingine atakavyowekwa mmoja wao akifa. Kisha mtafuteni wakili kwa siku moja tu, siku ya kununua. Ada yake itawauma, lakini wale thelathini na zaidi walipoteza fedha nyingi kuliko ada ya wakili.

Juu ya kanuni nitasema kwa ukali kidogo. Msinakili za wengine. Nimepata kuziona kanuni za chama cha mazishi zilizonakiliwa kutoka klabu ya mpira, na "nahodha" alikuwamo! Ketini wenyewe mwulizane: Ni nani atakayetia sahihi benki, na wangapi pamoja? Mkutano ni halali wakiwapo wangapi? Mwanachama akihama, atarudishiwa nini? Mwenyekiti asipotaka kuondoka, aondolewe vipi? Na chama kikivunjika, mali iende wapi? Swali hili la mwisho watu hulikwepa kama wanavyokwepa kuandika wosia, wakidhani kulitaja ni kukiombea chama mauti.

Baada ya kupata hati, kazi haijaisha. Chini ya Sheria ya Vyama lazima uwepo mkutano wa wanachama wote mara moja kwa mwaka, na taarifa ya mwaka ifike kwa Msajili kabla ya tarehe 31 Machi kupita. Mkibadili viongozi, Msajili aambiwe katika siku 14. Asipoambiwa, katika daftari lake mwenyekiti ni yule yule wa zamani, hata kama mlimfukuza kwa kuiba.

Mwisho, hesabu. Mweka hazina asomewe sifa akizisoma hesabu mbele ya watu, si akizifungia sandukuni. Mwanachama yeyote akitaka kuliona daftari, aonyeshwe, wala asiulizwe ametumwa na nani.

Nimeleta mfano wa kanuni kwa Kiswahili, nakala ishirini tu, kwa hiyo watu wa chama kimoja wachukue moja. Sasa nitaketi, kwa maana yule mama aliye karibu na mlango ameinua mkono tangu niliposema habari ya kiwanja, nami naona ana karatasi mkononi.