Cheti Hutoa Serikali, Ujirani Tunautoa Sisi

(Hotuba iliyosomwa katika mkutano wa wanachama wa tawi letu, Mkoa wa Tabora.)



Tunawashukuru kwa kufika kwa wingi, ingawa wengine mmetoka mbali na kazi za tumbaku zinawangoja. Hatukuwaita hapa ili tusifiane. Tumewaita ili tuulizane swali moja: mwenzetu ni nani?

Swali hilo tumezoea kulijibu upesi. Tunasema, sisi sote ni ndugu, nchi yetu haina ukabila. Tunayasema hayo kwa fahari, na fahari hiyo ni haki yetu. Nchi yenye makabila zaidi ya 120 kukaa pamoja kwa amani si jambo dogo. Lakini tukumbuke kwamba umoja huu haukuota wenyewe kama uyoga. Ulijengwa na watu, tena watu waliokuwa na sababu nyingi za kutengana.

Tangu mwaka 1926 serikali ya Kiingereza ilitutawala kwa njia ya machifu, kila kabila na baraza lake, hazina yake na mahakama yake. Mtu alifundishwa kujiona Mnyamwezi kwanza, au Mhaya, au Mgogo, na jirani yake kuwa mtu mbali. Wazee wetu walianza kuivunja mipaka hiyo katika African Association, iliyoanzishwa Dar es Salaam mwaka 1929, na baadaye katika TANU, iliyozaliwa tarehe 7 Julai 1954. Aliyekuja kukata kadi hakuulizwa ametoka kabila gani. Mikutano iliendeshwa kwa Kiswahili, lugha ambayo hakuna kabila moja kubwa lililoweza kusema ni yetu peke yetu. Mtu wa Songea alimsikia mtu wa Mwanza, wakaelewana.

Tena mtihani haukwisha hapo. Mwezi Oktoba 1961, uhuru ukiwa karibu, Bunge la Tanganyika lilijadili habari ya uraia. Walikuwako wajumbe waliotaka uraia uwe wa Waafrika tu, wengine waachwe nje kwa sababu ya rangi zao. Mwalimu Nyerere, aliyekuwa Waziri Mkuu, alikataa kabisa, akawa tayari serikali yake ijiuzulu kama wazo hilo lingeshinda. Alijua kwamba ukianza kumbagua mtu kwa rangi, kesho utambagua kwa kabila, na keshokutwa kwa ukoo.

Ndugu zetu, hata kabla ya siasa, mababu zetu walikuwa na njia zao za kumfanya mgeni kuwa mwenzao. Wanyamwezi walibeba mizigo toka huku bara mpaka pwani. Njiani walikutana na Wazigua, na Wazaramo, na wengineo. Utani ulioko mpaka leo una mizizi yake katika safari hizo na katika vita vya zamani. Mtani ana ruhusa ya kukucheka mbele za watu, nawe usikasirike. Lakini ukifiwa, mtani ndiye anayekuja kushika kazi za msibani. Waliona mbali wazee wale. Walijua kwamba watu hawawi ndugu kwa kuambiwa tu, ila kwa kucheka pamoja na kuzikana.

Tena tazameni sisi wenyewe. Wangoni walivuka mto Zambezi mwaka 1835 wakitoka kusini. Wamanyema walioko Ujiji na hapa Tabora, asili yao ni Kongo. Nani leo anamwuliza Mngoni au Mmanyema kama nchi hii ni yake? Hakuna. Basi tukubali kwamba wengi wetu tulifika. Tofauti ni nani alitangulia.

Sasa tuje kwetu, maana hotuba ya mambo ya mbali haimwumi mtu ye yote.

Mwaka 1972 watu wengi waliuawa Burundi, na waliosalimika wakakimbilia kwetu. Wakapelekwa kukaa Ulyankulu, hapa mkoani, na Katumba, na baadaye Mishamo, ambayo leo yako katika Mkoa wa Katavi. Walipewa pori la miombo. Pori hilo tunalijua: mbung'o, fisi na upweke. Walilifyeka, wakalima mahindi, maharage, mihogo na tumbaku. Kufika katikati ya miaka ya 1980 walikuwa wanajilisha wenyewe na kuuza ziada. Lakini waliishi kwa kibali. Kutoka nje ya makazi kulitaka ruhusa.

Mwaka 2007 waliulizwa kama wanataka kurudi Burundi au kuomba uraia wa Tanzania. Karibu wanne katika kila watano walichagua kubaki. Mwaka 2010 maombi ya watu zaidi ya 162,000 yalikubaliwa. Hata hivyo vyeti havikutoka, maana ilitakiwa kwanza wayahame makazi na kutawanywa katika mikoa mingine. Wakakaa miaka minne, si wakimbizi wala si raia kamili. Mwishowe mpango wa kuwatawanya uliwekwa kando, na mwezi Oktoba 2014 vyeti vikaanza kutolewa.

Basi serikali imekwisha fanya sehemu yake. Je, sisi?

Tuseme kweli. Yuko fundi mwashi mmoja, mzaliwa wa makazi, ambaye wengi wenu mnamjua. Kuta za ofisi hii tulimokaa alizijenga yeye, na siku tatu za mwisho alifanya kazi bila malipo kwa sababu fedha za tawi zilikwisha. Tulipofiwa na mmoja wa wazee wetu, alikuja na jirani zake, wamebeba unga na kuni, wakachimba kaburi. Unga ule tuliula. Miezi michache baadaye mama yake mzazi alifariki. Habari tulizipata siku ile ile. Hatukutuma mtu hata mmoja.

Halafu ukaja uchaguzi wa kamati ya tawi. Jina lake lilipotajwa, sauti ilitoka nyuma: “Huyo ni wa makazi.” Mikono iliyokuwa imeanza kunyoshwa ikashuka. Hakuna aliyeuliza kama ni mwaminifu, au kama anajua kuandika hesabu. Sisi tuliokaa meza ya mbele tulisikia, tukanyamaza. Ndugu wanachama, kunyamaza kule ni aibu yetu, na leo tunaikiri mbele yenu.

Tunajua yako manung'uniko. Wengine mnasema ardhi haitoshi, na vijana wetu watalima wapi? Hofu hiyo si ya kuchekwa. Lakini ugomvi wa mpaka wa shamba una dawa yake: baraza la kijiji, mashahidi, na mti uliopandwa mpakani. Tunagombana mipaka hata ndugu wa tumbo moja, wala hatuambiani “rudi kwenu”. Mtu aliyezaliwa Ulyankulu mwaka 1974 sasa amepita miaka 50, ana wajukuu. Ukimwambia arudi kwao, unamtuma wapi?

Basi tunapendekeza mambo matatu, wala hayahitaji fedha za mfadhili.

La kwanza, tuliache neno mkimbizi. Lilikuwa neno la haki wakati wake, lakini kwa watu hawa wakati huo umepita. Mwalimu asilitumie darasani, wala kijana asilitumie uwanjani. Mtu aitwe kwa jina lake.

La pili, misiba. Kila shina liwe na zamu ya kwenda kuzika na kuhani upande wa pili, kama wao wanavyokuja kwetu. Daftari la michango liwe moja. Mkiandika majina ya wafiwa katika daftari moja, mtakuwa mmekwisha anza kuwa kijiji kimoja.

La tatu, kazi na vikao. Tunapochimba kisima au kutengeneza barabara, wote tushike jembe. Tunapokaa kuamua kisima kichimbwe wapi, wote tukae. Mtu anayeitwa kwenye jembe tu asiitwe kwenye kikao, huyo tumemfanya kibarua, si mwananchi.

Nao wenzetu wana wajibu wao. Wasijifungie peke yao kwa kuwa waliumizwa zamani. Walete watoto wao katika michezo yetu, waseme wazi katika mikutano, na wakikosa wakubali kurekebishwa kama sisi tunavyorekebishana. Nyumba haiwezi kujengwa na upande mmoja wa ukuta.

Ndugu wanachama, mwezi ujao tutawachagua viongozi wa mashina. Jina la fundi yule litarudi mbele yenu, kwa kuwa amekubali kusimama tena, jambo ambalo wengi wetu tusingeliweza. Hatumwombei kura za huruma. Mpimeni kwa kazi yake kama mnavyompima mtu mwingine ye yote. Akishindwa na mwenye uwezo zaidi, ashindwe, na tutampa mkono. Lakini akishindwa kwa sababu ya mahali alipozaliwa, si yeye atakayekuwa ameshindwa. Tutakuwa tumeshindwa sisi, na kazi ya wazee wetu tutakuwa tumeibomoa kwa mikono yetu wenyewe.

Safari hii sauti ikitoka nyuma, sisi wa meza ya mbele hatutanyamaza. Nanyi tunawaomba msinyamaze.