Damu Isiyoganda: Tuulize Kabla ya Tohara

(Mazungumzo na viongozi wa vikundi vya kujisaidia)

Tunajua wengi mmetoka mbali na ng'ombe wanangoja kukamuliwa, kwa hivyo hatutazunguka. Leo tunazungumza juu ya ugonjwa ambao wengi wetu hatuujui kwa jina, lakini matendo yake tumeyaona. Unaitwa hemofilia.

Mtu akijikata na panga, damu hutoka, halafu baada ya muda huganda na kuziba kidonda. Kazi hiyo hufanywa na vitu vingi ndani ya damu, kimoja kikikipokeza kingine, kama watu waliopanga mstari kupitisha ndoo za maji. Mwenye hemofilia amekosa mmoja katika mstari huo. Kwa wengi ni kile madaktari wanachokiita fakta ya nane, kwa wengine ni fakta ya tisa. Basi ndoo inakwama hapo. Damu yake haitoki kwa kasi kuliko yako, ila haikomi.

Ni ugonjwa wa nadra. Unampata karibu mvulana mmoja katika kila wavulana 5,000 wanaozaliwa. Mtasema, aa, basi si wetu huo. Lakini hebu hesabuni vijana wanaotahiriwa kila Agosti na Desemba katika kaunti hii peke yake!

Mama mmoja wa kikundi tulichotembelea alitueleza alivyozika wavulana wawili, wote baada ya tohara, miaka minne ikipita kati yao. Wa kwanza alipokufa, watu walisema kisu kilikuwa kibaya. Wa pili alipokufa, walisema mama ana laana, akarudishwa kwao. Tulipomwuliza juu ya jamaa zake, akakumbuka mjomba wake aliyetokwa na damu siku tatu kwa kung'olewa jino tu. Hapo ndipo penye jibu, na hakuna aliyekuwa amemwuliza.

Kwa kawaida ugonjwa huu hurithiwa kupitia kwa mama. Yeye anaweza kuubeba bila kuugua, ingawa wengine hutokwa na damu nyingi wakati wa hedhi au wanapojifungua. Mama mwenye kuubeba, kila mvulana atakayemzaa ana nafasi nusu kwa nusu ya kuugua. Baba mwenye hemofilia hawapi wavulana wake, lakini binti zake wote huubeba. Tena, karibu thuluthi moja ya wagonjwa hutoka katika jamaa ambazo ugonjwa haujawahi kuonekana. Kwa hivyo maneno ya laana tuyaache. Na wazee mlio hapa, mtuwie radhi, lakini kumfukuza mama hakugandishi damu ya mtoto.

Mtamtambuaje? Mtoto akianza kutambaa anapata alama nyeusi mwilini, watu wanadhani anapigwa. Anajiuma ulimi, damu inatoka hadi kesho yake. Goti, kiwiko au kifundo cha mguu kinafura na kupata joto bila kuanguka kwa maana. Hiyo ni damu inayovuja ndani ya kiungo, na ikirudia rudia, kiungo huharibika na kijana anabaki kilema.

Mtoto kama huyo msimpe aspirini, wala dawa za maumivu kama diklofenaki na ibuprofeni, maana huzidisha kutoka damu. Panado inafaa. Akienda kliniki, mama aseme mapema asidungwe sindano ya msuli. Akitoka damu, bana mahali penyewe kwa kitambaa safi. Kiungo kikifura, kipumzishe na kuweka kitambaa cha maji baridi. Akigonga kichwa, hapana kungoja kuona kama kitafura. Hospitali, saa ile ile, hata kama ni usiku.

Matibabu yapo. Damu hupimwa, na mgonjwa hudungwa fakta anayoikosa kwenye mshipa. Ni dawa ya bei kali sana, lakini Shirikisho la Hemofilia la Dunia limekuwa likitoa msaada wa dawa hizi kwa nchi kama yetu. Kuna kliniki za ugonjwa huu Hospitali ya Kitaifa ya Kenyatta, Nairobi, na Hospitali ya Moi, Eldoret. Kuna pia dawa mpya, emicizumab, inayodungwa chini ya ngozi kwa wale wanaokosa fakta ya nane, ingawa haipatikani kila mahali. Dawa hizi haziuondoi ugonjwa, ila mtoto anaenda shule na kutembea kwa miguu yake.

Hatusemi kijana huyu asitahiriwe. Tunasema atahiriwe hospitalini, na madaktari wa damu wakiwa wameandaa fakta kabla kisu hakijamgusa.

Sasa kazi ni yenu. Kabla ya Novemba, kila kikundi kiulize nyumba zenye vijana wa kutahiriwa: kuna mvulana au mjomba wa upande wa mama aliyetoka damu isiyokoma? Ngariba naye aulizwe, ana mengi anayoyajua. Majina msiyasome mkutanoni. Mwenyekiti atuletee ofisini kimya kimya, tuandike barua ya hospitali. Na mweka hazina atenge nauli ya watu wawili, kwenda na kurudi, maana mama hawezi kusafiri na mgonjwa peke yake.